Mafuta ya Gollo

Ebla mjane wa Yattani alikuwa mtu wa hasira hata kabla ya vita, sembuse baada ya kuzungushiwa seng'enge. Waliomjua tangu kwao Korbesa walisema huyo mama haongei, anafoka. Zamani alikuwa akiwafokea mbuzi, na mbuzi wakamzoea. Sasa mbuzi hakuna. Mwaka wa sitini na sita serikali ilikuja na malori, ikasema kila mtu wa pande zile aingie ndani ya waya, asije akawapa shifta, waasi waliokuwa wakipigana nayo, maji na maziwa. Ngamia waliobaki nje walipigwa risasi kisimani, mmoja mmoja, askari wakipokezana bunduki na kucheka. Ebla alihesabu mpaka thelathini na mmoja, akaacha. Alipoacha kuhesabu ndipo alipoanza kutafuta mtu wa kumfokea, na pale kwenye lango la manyatta, kama kambi ile ya waya ilivyoitwa, nje kidogo ya mji wa Isiolo, hakumkosa.

Langoni palikuwa na inspekta. Mtu mnene, mkanda wake unapita chini ya tumbo badala ya juu yake, na kila Jumanne asubuhi aliwapanga wanaume mstari mmoja, mashati begani, akatafuta makovu. Kwake yeye kovu la risasi lilikuwa sawa na mtu kuungama kwamba ni shifta. Na Gollo, mtoto wa pekee wa Ebla, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa na shimo kwenye shavu la kushoto, chini ya mfupa. Shimo hasa. Ungeweka tende nzima humo na isianguke.

"Hii ni risasi," inspekta akasema, kidole chake ndani ya shimo.

"Ni ngamia, afande. Aliniuma nikiwa mdogo."

"Ngamia yako ilikuwa na bunduki?"

Askari wakacheka. Ebla, aliyekuwa upande wa wanawake, hakucheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkimbilia mtoto siku ile, miaka kumi iliyopita, ngamia dume mwenye wazimu wa kutaka majike amemng'ata shavu na hataki kuachia. Nyama ilioza, ikatoka, ngozi ikafunga juu ya utupu. Risasi gani? Katika maisha yake yote Gollo hajawahi kushika kitu kikali kuliko fimbo.

Walimchukua mara tatu. Mara ya tatu alirudi nyayo zimevimba, akitembea kwa visigino. Rimberia, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, Mmeru mmoja mfupi mwenye maneno mengi na moyo mzuri, aliandika barua kwamba kovu lile ni la meno na ni la zamani. Inspekta aliisoma yote, akaipasua mara mbili, akampa Gollo vipande.

"Barua hata mimi najua kuandika," akasema. Akafungua daftari lake. "Gollo Yattani. Shimo, shavu la kushoto. Lori la kuchukua wenye alama likija, wewe utapanda."

Hapo Ebla akanyamaza, na alikuwa hajanyamaza tangu Korbesa. Shemeji yake alipanda lori kama hilo mwaka uliotangulia. Mpaka leo hakuna aliyemwona, wala kaburi lake halijulikani. Lori lenyewe lilikuwa limechelewa kwa sababu ya mabomu ya kutegwa barabarani, lakini mabomu hayangemlinda Gollo milele.

Rimberia ndiye aliyeleta habari ya daktari wa ndege. Kila baada ya miezi mitatu ndege ndogo ilitua Isiolo na mzungu mmoja, fundi wa kurekebisha walioungua na waliokatika, akakaa siku mbili, akaondoka.

"Mama Gollo, huyu anaziba mashimo," Rimberia akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Mtu mmoja wa mji wa Maua alichomwa na maji moto, uso wake ulikuwa umeingia ndani, sasa unaweza kumpa hata mchumba."

Wakapata pasi ya kwenda hospitali, wakaenda. Daktari alikuwa mrefu, mikono yake safi mno. Akalibonyeza shimo, akakubali kwa kichwa, akamwambia Gollo avue. Akamshika ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta, akaachia. Akashika kiuno. Akashika paja. Akamgeuza, akashika tako. Kila alipovuta alipata ngozi tu. Akasema kizungu kirefu, Rimberia akaanza kujikuna shingo.

"Anasema nini?" Ebla akauliza.

"Anasema shimo hili linazibika. Lakini si kwa dawa, mama. Linazibwa kwa mafuta ya mwili. Anakata kipande tumboni au makalioni, mafuta pamoja na ngozi ya ndani kidogo ili kishike, anakiingiza chini ya kovu. Kikipata damu kinaishi. Nusu yake mwili utakula, ndiyo maana lazima aweke zaidi ya shimo. Sasa huyu hana. Amemtafuta kila mahali, hana mafuta hata ya kuziba shimo la panya."

"Hana?"

"Hana, mama. Ni mifupa na ngozi."

Ebla akasimama. "Basi mwambie mzungu wako mafuta ya mwanangu yako kisimani Korbesa. Yalikuwa maziwa ya ngamia thelathini na mmoja. Yameliwa na fisi. Mwambie! Usimeze maneno yangu, mwambie yote!"

Rimberia akamwambia kiasi. Daktari akainamisha macho. Ebla alikuwa ameshatoka.

Asubuhi iliyofuata alirudi na kopo chini ya shuka. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya nundu, mabaki ya ngamia wake wa mwisho, ameyayeyusha na kuyaficha tangu siku ya malori. Kwao jeraha lenye shimo hujazwa mafuta ya nundu au ya mkia wa kondoo, tangu enzi za babu, na watu hupona. Kwa akili yake mzungu aliishiwa tu na mafuta, kama vile hospitali ilivyoishiwa na pamba. Akaliweka kopo juu ya meza ya daktari, katikati ya visu vyake.

"Haya. Mafuta ni haya. Kata, weka."

Rimberia akaangua kicheko. Kosa kubwa. Ebla alichukua kopo akalinyanyua, na kama si mafuta kuwa ya mwisho, angempiga nalo.

"Pole, mama, pole. Haya ni ya ngamia. Mwili wa Gollo utayaozesha. Unataka yake mwenyewe."

"Basi nikate mimi." Akafungua shuka kiunoni mbele ya wanaume wote wawili bila haya. "Nimemzaa mimi. Kata popote."

Daktari hakuhitaji tafsiri. Akatikisa kichwa polepole, akasema, na Rimberia safari hii hakucheka.

"Anasema hata ya mama, mwili unayatupa."

"Unayatupa? Alikaa ndani yangu miezi tisa, mimi sikumtupa! Leo yeye anitupe mimi?"

"Ndivyo mwili ulivyo, mama Gollo. Ndege inarudi baada ya miezi mitatu. Mnenepeshe."

Mnenepeshe! Ndani ya waya, ambapo posho ya wiki ilikuwa unga wa mahindi vikombe sita kwa kila mtu, wenye wadudu, na maziwa watu walikuwa wakiyaota. Ebla alirudi akifoka njia nzima. Alimfokea mzungu, akamfokea Rimberia, akawafokea ngamia kwa kukubali kufa. Lakini alipofika kibandani alikuwa ameshaamua.

Kwao mwanamke akizaa hukaa arobaini. Siku arobaini hatoki, hachoti maji, habebi kuni, hulishwa mafuta na maziwa mpaka mashavu yang'ae. Siku arobaini kabla ya ndege kurudi, Ebla alimwingiza Gollo ndani, akateremsha ngozi ya mlangoni, akasema, "Leo umezaa. Lala."

"Ayo, mama yangu, watu watanicheka."

"Waache wacheke. Meno ni yao. Kula."

Na kweli watu walicheka. Wanawake waliopita na madumu ya maji waliita, "Ebla! Ni wa kike ama wa kiume?" Naye akajibu kutoka ndani, "Wa kiume, na ana ndevu! Pita zako!" Unga wa Gollo alimpikia Gollo, na unga wake yeye pia alimpikia Gollo. Yale mafuta ya nundu aliyokataa daktari aliyatia kwenye uji kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kama hayakubaliwi kupitia shavuni, yatapitia mdomoni. Rimberia alileta njugu na ndizi za kwao Meru ndani ya mfuko wa koti la hospitali. Ebla mwenyewe alikunywa maji ya kuoshea sufuria, akajifunga mkanda wa ngozi tumboni, na kila wiki aliuvuta tundu moja mbele.

"Ayo, siwezi kula ukinitazama."

"Basi nitatazama kando."

"Wewe hujala tangu jana."

"Nani amekuuliza? Wewe ni mzazi, huna ruhusa ya kuchagua. Meza!"

Gollo alimeza, mara nyingine machozi yakidondoka ndani ya uji. Ikifika Ijumaa Ebla alimvuta ngozi ya tumbo kama alivyoona daktari akifanya, kidole gumba na cha shahada. Wiki ya kwanza ngozi. Wiki ya pili ngozi. Wiki ya nne akahisi kitu laini katikati ya vidole vyake, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka jirani akauliza kuna nini. Jumanne zilipofika Gollo alikwenda mstarini amejifunika shuka mabegani, na kwa kuwa askari walishamzoea hawakumsumbua.

Zikiwa zimebaki siku nne ndege itue, inspekta alipita mstarini akafika kwa Gollo, akavuta lile shuka. Akarudi hatua moja nyuma.

"Ebo! Huyu ananenepa?"

Akamzunguka. Akampiga kofi la tumbo, na tumbo likatoa sauti ya tumbo lililoshiba.

"Hapa watu mia sita ni mifupa, wewe unanenepa. Unakula wapi? Nani anakulisha? Shifta wanakupitishia nyama chini ya waya, sivyo?"

"Ni mama yangu, afande."

"Mama yako ana duka?"

Ebla alitoka upande wa wanawake akaja mbio, akasimama mbele ya inspekta, akalegeza shuka mpaka mbavu zikaonekana zote. "Ni mimi! Hesabu hizi! Unataka kujua nyama imetoka wapi? Imetoka hapa! Na hapa! Ananenepa ili daktari wa ndege amkate, muulize Rimberia wa hospitali!"

"Mama, wacha upuuzi," inspekta akasema, hata hakumtazama. "Hakuna daktari ambaye anataka mtu mnene. Daktari anataka mgonjwa."

Wakamfungia Gollo kituoni wamuulize vizuri. Ebla alikaa nje ya kituo siku sita, juani, akifoka mpaka sauti ikakatika na akabaki kuchezesha midomo. Siku ya nne alisikia ndege ikipita juu ya kichwa chake kuja kutua. Siku ya sita akaisikia ikiondoka. Rimberia alikuwa amemwekea Gollo kitanda na shuka safi, na daktari alimsubiri mpaka injini ikawashwa.

Gollo walimwachia baada ya siku ishirini na tatu, siku ya Jumanne, langoni, watu wakiwa mstarini. Hakuwa na tumbo. Hakuwa na mashavu. Lile shimo lilikuwa limeingia zaidi ya awali, maana pembeni yake palikuwa pamekauka. Inspekta akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Sasa uko sawa," akasema. "Sasa unafanana na wenzako."

Hakuna aliyeona Ebla alivyofika. Kufumba na kufumbua yuko mbele ya inspekta, na mkono wake umeingia katikati ya vifungo vya shati la serikali. Akashika tumbo lile kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama fundi. Akavuta. Mkunjo mzima ukajaa mkononi mwake.

"Mafuta haya hapa!" akapaza sauti. "Jamani, tulikuwa tunayatafuta wapi? Haya hapa! Ya Gollo haya! Ya ngamia wangu haya! Mwambieni Rimberia amwite mzungu arudi, hapa anaziba mashimo ya manyatta nzima!"

Na mstari ukacheka. Watu mia sita ambao hawakuwa wamecheka mbele ya askari tangu waingizwe pale, wakacheka, wazee wakishikana mabega wasianguke. Inspekta akasema neno moja tu, "Mpige," na askari aliyekuwa karibu akageuza bunduki akampiga Ebla kitako cha bunduki usoni, shavu la kushoto.

Mfupa ulivunjika. Rimberia alimsafisha na kumshona kwa hasira, na yeye hakuwa mtu wa hasira. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kwa Gollo, aliyekuwa amemleta mama yake mgongoni.

"Kohoa," akamwambia.

"Sina kikohozi."

"Kohoa, nimesema, ama nikupige mpaka ukohoe!"

Gollo akakohoa. Rimberia akaandika kwenye faili, kwa herufi kubwa: kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu alipewa maziwa, mayai na kitanda, na hakuna askari aliyethubutu kukanyaga wodi ile. Akamweka kitanda cha mwisho barazani, mbali na wagonjwa wenyewe, akamlisha miezi mitatu kwa maziwa ya serikali. Angefukuzwa kazi kama ingejulikana. Alisema mwenyewe baadaye kwamba uwongo ule ndio ukweli pekee alioandika mwaka ule wote.

Ndege ikaja. Daktari akamvuta Gollo ngozi ya tumbo, akatabasamu. Alikata kipande cha kutosha, akapitia chini ya taya ambapo ndevu zingeficha, akakilaza ndani. Gollo alitoka na shavu limevimba, ungedhani ameficha tonge. "Liacheni," Rimberia akasema, "litashuka." Na kweli lilishuka, wiki baada ya wiki, Gollo akiwa bado wodini, mpaka likalingana na mwenzake.

Siku hiyo hiyo daktari alimwita Ebla. Shavu lake lilipona vibaya: mfupa uliingia, nyama ikapotea, likabaki shimo. Akasema atamrekebisha, yeye pia, ila kwanza anenepe. Atampa dawa, atamwandikia maziwa.

"Mwambie asante," Ebla akamwambia Rimberia. "Mwambie la Gollo nimeshukuru mpaka nife. Hili langu aliache."

"Mama Gollo, si litapendeza?"

"Nimpendeze nani? Liache. Nina kazi nalo."

Lori lilikuja mwanzoni mwa mvua. Lilikuja na afisa wa jeshi, mtu mkavu, mwenye karatasi na haraka. Inspekta akafungua daftari lake, akaita, na kila aliyeitwa akaonyeshwa kwa afisa, alama yake ikatazamwa, akapandishwa. Wanaume watano walikuwa wameshapanda.

"Gollo Yattani. Shimo, shavu la kushoto."

Gollo akasogea. Inspekta akamshika kidevu. Akamgeuza. Akapapasa shavu kwa kidole kile kile, na kidole hakikupata pa kuingia.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

"Shimo gani, afande?"

"Mbona mimi naona shavu zima?" afisa akasema. "Karatasi yangu ni ya wenye alama. Huyu hana alama."

"Lilikuwepo! Liliandikwa hapa!"

"Inspekta, nina mito mitatu ya kuvuka. Shimo, shavu la kushoto. Nani ana shimo shavu la kushoto?" Akaanza kutembea kando ya watu, akitazama nyuso, upande wa wanaume, kisha upande wa wanawake, na mbele ya Ebla akasimama. Shimo lilikuwa pale, jua limeingia ndani yake. Wanawake hawakupandishwa lori, lakini afisa alikuwa ameshashangaa.

"Mama, hili umelipata wapi? Ni risasi?"

Ebla alimtazama inspekta. Inspekta alimtazama yeye, akakunja uso, na Ebla akaona kwamba hamkumbuki. Mtu amemvunja mfupa wa uso na hamkumbuki. Halafu taratibu akakumbuka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye vifungo vya shati, ukakaa pale.

"Si risasi, afande," Ebla akasema, na kwa mara ya kwanza watu wa manyatta walimsikia akiongea bila kufoka. "Ngamia aliniuma."

"Ngamia?"

"Ngamia. Wangu wote mliwapiga risasi. Huyu mmoja mlimsahau." Akamwonyesha inspekta kwa kidevu. "Yuko hai, na kama unavyomwona, anakula vizuri."